Watangazaji, Baba Yako, na Neno Langu

Mwanangu Aloyce,

Umeshuka kwa baba yako mkubwa kuaga, na ninavyowajua hawatakuachia kabla hujala na kusikiliza hotuba mbili tatu. Nimefunga kilabu mapema. Wanywaji wameondoka wamenuna, mmoja akaniuliza kama mbege imechacha, nikamjibu kwamba aliyechacha ni mimi. Sasa nimekaa kwenye benchi lao, televisheni imezimwa, na jua bado halijazama.

Mambo ya sweta, dawa za malaria na namna ya kuishi na mke wa kaka yako nimekwisha kukuambia kwa mdomo hadi ukaanza kuitikia kabla sijamaliza. Sitayarudia. Festo ni mkubwa wako, ana duka lake la vipuri huko Mwanza, atakuonyesha kazi. Mimi nataka kukuandikia habari za watangazaji.

Cheka tu. Najua unasema, mama naye, wenzake huwaandikia watoto wao habari za Mungu. Lakini tangu tumzike baba yako hujatangaza mechi hata moja, na wote wawili tunajua ni kwa sababu ya neno nililokuambia siku ya kumaliza matanga, mbele ya watu. Kesho unapanda basi na neno hilo kifuani. Siwezi kukuacha uende nalo. Ila kuanza nalo pia siwezi, moyo haunipi, kwa hiyo nivumilie nifike kwa kuzunguka.

Unakumbuka televisheni ilivyokuja. Kahawa ilikuwa imeanguka bei, mbege ndiyo ikawa kahawa yetu, na baba yako akasema kilabu bila mpira ni jiko tu. Akaipachika juu ya kaunta, pale juu ya kichwa changu, ili wanywaji waione vizuri. Hakuna aliyejiuliza mimi nitaionaje. Miaka yote hii nimeuza mbege nikiwa nimeipa televisheni kisogo. Wao walitazama, mimi nilisikiliza. Ndiyo maana nasema hakuna mtu huku mlimani anayewajua watangazaji kunizidi, maana wengine waliwasikia tu, mimi niliwategemea.

Yule wa redio wa zamani, enzi za redio moja ya serikali, tulipokuwa tunaanika betri juani ili zipate uhai wa kumaliza kipindi cha pili, yule alikuwa mtu. Nilikuwa napalilia huku najua winga ameuchukua wapi mpira na anaupeleka wapi. Alijua kwamba simwoni mchezaji, akanihurumia. Ukimsikia unajua kuna mtu amekukumbuka.

Hawa wa televisheni hawana habari na mimi. Yuko anayesema kila dakika, "kama mnavyojionea." Najionea nini, baba? Najionea ndoo na kata za mbege. Yuko anayejua jina la bibi yake mchezaji na mguu aliovunjika utotoni, na wakati anayasimulia hayo goli linaingia, anabaki kushangaa na sisi. Yuko anayeogopa kimya kama mtoto anavyoogopa giza. Akikosa la kusema anawasalimia jamaa zake wa Kinondoni. Na yuko yule ninayemchukia kuliko wote, ambaye goli likishaingia husema, "Nilisema mimi!"

Siku moja nilimtukana huyo wa mwisho kwa sauti, na baba yako akaniambia, "Mama Festo, si ndugu yako huyo?" Wanywaji walicheka sana. Mimi sikucheka.

Alikuwa amesema kweli. Kahawa ilipoanza kuanguka nilimshauri ang'oe safu za karibu na mfongo wa maji tupande nyanya. Akakataa, akasema kahawa ile ilipandwa na baba yake, na kung'oa ni kumng'oa mzee. Bei ikazidi kuanguka. Badala ya kukaa naye ndani ya hasara yake, nikawa namwambia kila jioni, nilisema mimi. Nilikuwa na haki, Aloyce, na haki yangu haikutuletea hata kilo ya sukari. Baba yako akaanza kuchelewa kuingia ndani. Alikaa shambani hadi giza, akijifanya anakata majani ya ng'ombe. Ukioa utalikumbuka hili mwenyewe, mimi siongezi kitu.

Halafu kisukari kikamla macho, kisha miguu. Tukahamishia kitanda chake kwenye chumba cha pembeni mwa kaunta, ili akiita nimsikie. Kati yangu na yeye ulikuwa ukuta wa mbao tu. Jumamosi ya kwanza televisheni ikawashwa, mtangazaji akaanza na "kama mnavyojionea" zake, na baba yako akajibu kutoka ndani, "Mimi sijionei." Wanywaji walicheka kwanza, kisha kila mtu akatazama kata yake.

Ndipo ulipochukua kreti ukakaa mlangoni pa chumba, uso kwenye televisheni. Hakuna aliyekutuma. Nakumbuka maneno yako kama yalivyokuwa.

"Baba, goli moja liko juu, kwa kanisani. Lingine liko chini, barabarani. Kulia ni mfongo, kushoto ni zizi. Sawa?"

"Sawa. Nani anapanda?"

"Wekundu wanapanda."

Tangu siku hiyo mechi zote za dunia zilichezwa kwenye kihamba chetu, hili shamba la nyumbani. Wajerumani walianguka kwenye zizi letu. Wabrazili walipitisha mpira katikati ya migomba, wakauvusha mfongo bila kulowa. Timu zilipobadilishana magoli, ulinyamaza kidogo kumpa nafasi ageuze shamba lote kichwani, halafu ukamwuliza, "Tayari, baba?" Na mimi niliyekuwa nimeipa televisheni kisogo, kwa mara ya kwanza nikauona mpira. Sikuwahi kukuambia. Nilikuwa najifanya nakoroga ulezi, kumbe nimesimama nasikiliza.

Baada ya hapo wanywaji wenyewe wakaanza kusema, "Mama Festo, mzime huyo wa Dar, tuachie Aloyce." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Kisha ile Jumapili dishi likagoma. Stesheni zote za mpira zikawa chenga tupu, ikabaki moja. Wanywaji wakapiga kelele, na baba yako akauliza kutoka ndani, "Aloyce, leo kuna nini?"

"Hata sielewi, baba. Kuna watu wazima wamevaa nyeupe kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mmoja ameshika ubao. Wengine wamesimama tu, mbalimbali."

Halafu nikasikia baba yako anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kahawa ilipokuwa kahawa.

"Nyuma ya huyo mwenye ubao kuna vijiti vitatu?"

"Vipo."

"Hiyo ni kriketi. Usibadilishe!"

Wewe hukujua, kwa sababu baba yako hakupenda kusimulia miaka ya ujana wake. Kabla hajanioa alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja wa Moshi mjini. Jumapili aliwapeleka uwanjani Mhindi huyo na wenzake kucheza kriketi, akawa anawangoja hadi jioni. Siku moja wakapungukiwa na mtu, wakamsimamisha mbali kabisa, karibu na uzio, wakamwambia mpira ukija huku udake. Haukuja. Alisimama kutwa nzima juani na mpira haukumfikia hata mara moja. Lakini alikuwa kwenye timu, na hilo alilibeba maisha yake yote.

Basi ikawa hivyo. Wewe una macho na hujui mchezo. Yeye anajua mchezo na hana macho. Unasema, "Anakimbia kutoka juu, amerusha, mpira umedunda, jamaa ameuacha upite." Yeye anasema, "Ameogopa. Ungepinda. Tazama sasa watasogea karibu naye." Unasema, "Kweli baba, wanasogea!" Kila mmoja peke yake asingeuelewa mchezo ule, lakini nyinyi wawili mliuelewa wote. Wanywaji wakahama mmoja mmoja. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Mama, hii ni misa ya Kilatini, sisi tunaomba ruhusa." Jumapili zile niliuza kidogo sana, na sikujali.

Na hapa nikuambie kitu juu ya wale watangazaji wa kriketi, wale wazee wa Kiingereza ambao sauti yao ulikuwa unaiacha chini chini. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, na lile darasa la saba nalo lilikuwa la zamani. Sikushika neno. Lakini ndio bora kuliko wote niliowasikia katika maisha yangu, hata yule wa redio wanamzidi. Mmoja anasema kitu kidogo, mwenzake anaguna. Kisha wananyamaza kabisa, na kimya kinakaa, na unasikia mpira unagonga ubao, na ndege wa huko kwao wanalia mitini. Hawaogopi. Wanaketi pale kama wazee wawili wanaochunga maji ya mfongo usiku wa zamu yao, wanajua maji yatafika, kuna haraka gani? Nilijiuliza, kwa nini mimi sikuweza kukaa na mume wangu namna ile? Miaka yote nilimjaza maneno. Akinyamaza nilidhani amenikasirikia, nikaongeza mengine.

Sasa nifike.

Jumapili aliyotutoka ulikuwa mlangoni kwenye kreti yako, umempa kisogo, macho yako kwenye televisheni, unatangaza. Mimi nilipita na bakuli la uji nikaingia kwake. Baada ya muda nikatoka nikakuambia, "Aloyce, zima. Baba yako ametuacha." Ulianguka pale mlangoni. Ulipiga kelele kwamba ulikuwa unasema naye, kwamba ulidhani yuko kimya kwa sababu mchezo ni mtamu.

Tukamzika pale chini ya migomba. Siku ya kumaliza matanga, watu wakila, ukaanza kumweleza shangazi yako jinsi baba alivyoipenda kriketi, ukaigiza hata sauti yako ya kutangaza, na watu wakatabasamu. Mimi nikasimama na sufuria mkononi nikakuambia, "Ungefunga mdomo siku ile, ungemsikia baba yako akikata roho."

Niliona uso wako. Ninauona hadi leo kila nikifumba macho. Ulinyamaza, na umenyamaza mpaka leo. Wanywaji walikuomba, ukasema koo linauma. Kreti ukaipeleka nje, kuku wanalalia. Halafu ukaja kuniambia kwamba Festo amekuita Mwanza, nami nikajua kwamba Festo hakukuita, wewe ndiye uliyemwomba.

Baba yako mkubwa Valerian amekuja hapa mara mbili kunisemesha. Usikasirike naye, anasema anachokijua.

"Shemeji, tangu lini kitinda mimba akatoka? Nyumba ya baba ni ya mtoto wa mwisho. Wakubwa huenda, huyu hubaki na mama. Ataondokaje na kaburi bado bichi?"

Nikamwambia, "Shemeji, mtoto si mgomba."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Na ng'ombe."

"Ng'ombe hakuchemshii maji ukiugua, mama."

Alikuwa na haki, na mila iko upande wake, na ningelia kidogo tu mbele yake, ukoo wote ungekuja kukuzuia. Nilitaka kulia, Aloyce. Sijui kama kuna kitu nilichowahi kukitaka zaidi ya hicho. Nilipiga hesabu ya nyumba hii bila miguu yako ndani yake, nikaona heri nilie. Lakini ningekuzuia ukae na mtu aliyekufunga mdomo, na kila siku ningekuona unapita hapa ukiwa bubu kwa sababu yangu. Kwa hiyo sikulia. Nilimmiminia kata moja ya mbege, akanywa, akaenda zake akitikisa kichwa.

Kesho unaondoka na unadhani baba yako alikufa peke yake nyuma ya mgongo wako kabla sijaingia na uji, akikosa mtu wa kumsikia kwa sababu ya kelele zako. Si kweli. Na mimi nilijua kwamba si kweli wakati nalisema lile neno.

Nilipoingia na uji alikuwa hai. Pumzi ilikuwa inapanda vibaya, lakini alikuwa hai na akili zake zote. Nilikaa kitandani nikaanza kusema. Nikamwambia ng'ombe amekataa kunywa maji, nikamwuliza kama nimwite padri, kama nimtume mtu akatafute gari, nikamlaumu hajala tangu asubuhi. Nilikuwa na hofu, na mimi hofu yangu hutokea mdomoni. Akainua mkono. Mkono ule ulikuwa haujainuka siku nyingi. Akauweka juu ya mkono wangu akasema, "Nyamaza kidogo, Mama Festo. Anarusha."

Nikanyamaza. Wewe mlangoni ukasema, amegeuka, anakuja kutoka juu, kwa kanisani, anakimbia, amerusha. Ukasema, ameupiga! Unashuka, baba, unashuka, umepita migomba yote, hakuna wa kuudaka, unaelekea barabarani. Na uso wa baba yako ukageuka kuelekea barabarani. Uliufuata ule mpira. Nilimwona, mwanangu, macho yale yaliyokufa yaliufuata. Kisha mkono wake ukawa mzito juu ya wangu, nikajua kabla hujamaliza sentensi.

Sikukuita mara moja. Niliketi pale na mkono wake nikakuacha uendelee. Ulimtangazia mirusho kadhaa zaidi akiwa amekwisha kwenda, na ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia, na sikutaka ikome.

Basi kwa nini nilikuambia vile? Nimejiuliza mpaka nimechoka kukimbia jibu. Nilikuonea wivu. Nilikaa na mtu yule tangu nikiwa msichana, nilimzalia, nilimzikia wazazi wake, nikamwosha na kumlisha alipolala, na neno lake la mwisho kwangu duniani likawa nyamaza. Aliyetaka kumsikia ni wewe. Siku ile ya matanga, ulipoigiza sauti ile watu wakatabasamu, nikaona unavaa kitu ambacho kilipaswa kuwa changu. Nikakinyakua nikakichana, mbele ya wageni.

Hakuna mama anayetakiwa kumwandikia mwanawe maneno kama haya. Nimeyaandika.

Jana nilikwenda hadi mpakani mwa shamba, kwenye mstari wa masale, nikanyoosha mkono nichume jani nikuletee. Unajua kwetu ilivyo: ukiletewa isale huna la kujibu, unasamehe, hata kama aliyekuletea alikumwagia damu ya nduguyo. Mzazi kumpelekea mtoto isale sijapata kusikia, lakini hilo silo lililonizuia. Kilichonizuia ni kwamba isale halikataliwi, na mimi nataka uwe na uwezo wa kunikatalia. Nilikwisha kukulazimisha kunyamaza. Sitakulazimisha na kusamehe. Nikaliacha jani kwenye mti wake nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Barua hii nitaiweka ndani ya sweta la juu kabisa kwenye begi, na nitakuomba ulifungue kabla hujalala, kwa sababu nataka uisome ukiwa bado humu ndani, si ukiwa umekwisha fika mbali.

Basi linapita barabarani alfajiri. Sitatoka kukusindikiza. Nitakuwa macho, lakini nikitoka nitakushika, na nguvu za kukuachia sitakuwa nazo. Tangu matanga yale hujaniamkia kwa mdomo, unatikisa kichwa tu unapita, na mimi nimekubali kwa kuwa nilistahili. Kesho, ukipita kwenye dirisha langu, kama unaweza, niamkie. Usiseme samahani wala kwaheri, wala usinieleze kitu. Shikamoo moja tu, kwa sauti yako ile.

Na kama hutaweza, pita polepole mwanangu, nisikie hatua zako.

Ni mimi mama yako, niliye nyuma ya dirisha.